Mzigo wa Kurudia

Lori likienda na mchele na kurudi tupu, faida yote huishia kwenye tangi la dizeli. Hilo nililijua tangu mume wangu aliponunua Fuso lake kuukuu na kuanza kupeleka mchele wa Tabora hadi Manyovu mpakani, ambako wafanyabiashara wa Burundi huushusha na kuupakia kwenye magari yao. Kwenda kulikuwa raha, kurudi kilio. Alijaribu mawese, akakuta wenye mawese wana magari yao. Akajaribu ndizi, zikaiva njiani kabla hajafika Kaliua, na nyumba tuliyokuwa tumepanga Ipuli ikanuka pombe juma zima. Mimi nilikuwa na kibanda cha nafaka sokoni, na kila aliporudi mikono mitupu nilimnunia kana kwamba yeye ndiye aliyeuweka mpaka pale ulipo.

Betri zilituokoa. Nasema zilituokoa kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikisema wakati ule, na nikianza kupamba maneno sasa nitakuwa naongopa mara ya pili.

Aliyetuletea habari ni dalali mmoja wa Ulyankulu, mtu mpole, Mkatoliki asiyekosa misa. Wazazi wake walikimbilia nchini kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku na kukulia huku, Mtanzania kama mimi, ila nusu ya ndugu zake wako upande wa pili. Alikaa sebuleni kwetu, akaniamkia, akaeleza. Katika mji wa ndugu zake, betri zilizokufa, za magari na za sola, zilikuwa zimerundikana nyuma ya gereji. Zamani walizivunja wenyewe, wakatoa madini ya risasi yaliyomo ndani, wakayeyusha na kuuza. Kisha wakubwa wa mji wakawafukuza wavunjaji. Wenye gereji wakabaki na mali wasiyoweza kuivunja wala kuitupa, na bei ikaanguka hadi ikawa kama bure.

"Waliwafukuza kwa nini?" niliuliza.

"Walisema inadhuru watoto, mama. Ule moshi, na yale maji yake."

"Na huku kwetu?"

"Huku hakuna anayeuliza."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka, lakini nilisimama nikamwongezea dalali chai, na ile chai ndiyo ilikuwa jibu langu. Nimekaa sokoni miaka mingi. Mtu akiniletea gunia la mchele kwa nusu ya bei, sianzi kwa kushukuru, naanza kwa kuingiza mkono hadi chini ya gunia na kunusa. Rahisi ni ghali, ndivyo ninavyowaambia wateja wangu. Betri zile sikuzinusa. Nilijua wanatuuzia kwa bei ile kwa sababu tunawaondolea kitu wasichokitaka karibu na watoto wao, na sisi tukakiita kitu hicho faida.

Tulikodi ua Ng'ambo, kwenye mtaa wa mafundi, ambako kelele ya nyundo haimshangazi mtu. Nikachukua vijana wawili wa kazi. Walichimba shimo pembeni la kumwagia maji ya betri, maji yanayochoma nguo na ngozi, kisha wakapasua makasha kwa shoka, wakatoa mabamba meusi ya ndani, wakayayeyusha kwenye karai juu ya mkaa. Kilichopatikana walikimimina kwenye vikopo vya mchanga, kikawa mikate mizito ya kijivu. Mikate mikubwa ilikwenda kwa wanunuzi wa Dar. Midogo tuliigeuza chubwi, vile vipande vizito wavuvi wanavyofunga kwenye nyavu zao, na dalali akazipeleka Kigoma, nyingine zikavuka hadi kwa wavuvi wa kwao. Kwa hiyo betri iliyofia Burundi ilirudi Burundi ikiwa imetengenezwa, na lile shimo likabaki Ng'ambo. Nilijisifu kwa biashara ile. Nilimwambia mchungaji wetu wa Moravian kwamba tunaokota uchafu wa jirani na kuugeuza kazi, naye akaona ni neno zuri.

Vijana wangu niliwanunulia maziwa ya mgando kila siku, kwa sababu huku watu wanaamini maziwa yanakata sumu. Mara nyingi nikijitetea moyoni kwamba sikujua, maziwa yale hunikatalia. Mtu asiyejua kuna sumu hanunui maziwa ya kuikata.

Nyuma ya ukuta wa ua wetu alikuwa akiishi mtani wangu. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, babu zangu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na babu zake wakiwalaki, wakiwauzia, wakiwazika. Ukoo wake uliufuata msafara mmoja kuja huku na haukurudi tena. Amenizidi miaka kumi hivi, ni Mwislamu wa swala tano, na kwa umri wake nilipaswa kumwamkia kila nikimwona. Sikuwahi kumwamkia. Asubuhi ya kwanza nilipofungua geti la ua alisimama mlangoni kwake, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Nani huyu ameletwa hapa? Mpagazi? Kichwa bapa hicho, wallahi, ungeweza kuanikia samaki."

"Mzaramo," nikamjibu, "nenda kalale, ngoma haijaanza."

Basi, tukawa ndugu. Mwenye kuujua utani anajua ninachosema. Mtani anakutukana mbele ya watu na wewe ndiye unayeshiba. Anaingia kwako bila hodi, anafunua chungu, anakula. Akikipenda kitu chako anakichukua, na ukikidai umejiaibisha. Kanga yangu mpya aliianua kwenye kamba ya nguo akaenda nayo harusini. Mimi nilikamata jogoo wake nikamla na wanangu, kisha nikampelekea manyoya. Mama yangu alipougua, yeye ndiye aliyekuja kumwosha na kumwambia, "Kufa upesi wewe, nina kazi nyingine," na mama, ambaye hakuwa amecheka kwa siku nyingi, alicheka.

Yeye alikuwa akiuza mchicha. Alikuwa na matuta machache uani kwake, chini ya ukuta wetu, na alikuwa akimlea mjukuu, msichana mdogo aliyeachiwa na bintiye aliyekwenda kufanya kazi Dar. Kila mteja alihudumiwa na wote wawili, bibi akifunga mafungu, mtoto akihesabu kwa sauti na kuruka namba asizozipenda.

Siku moja, kiangazi, aliingia uani kwetu kama kawaida yake, akaziba pua kwa ncha ya mtandio, akazunguka. Makasha matupu ya betri yalikuwa yamepangwa ukutani, yale meusi ya plastiki ngumu, yakisubiri mnunuzi wa plastiki. Aliyagonga kwa kidole.

"Haya ni mazuri. Ya kuoteshea miche."

Akaanza kuyabeba. Vijana wangu waliniangalia. Nikasema, na ninayakumbuka maneno yangu kama nilivyoyasema, "We Mzaramo, acha hayo, yana sumu, utakufa tukose wa kumcheka."

"Sumu ni wewe," alisema bila kugeuka. "Babu zako walibeba pembe za watu, wewe unabeba uchafu wa watu, halafu unaninyima makopo."

Vijana walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nikacheka na mimi. Akaondoka na makasha manne, na siku zilizofuata akaja kuchukua mengine.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikijihukumu. Nilimwonya. Ningeweza kuapa juu ya Biblia kwamba nilimwonya, na mashahidi ninao. Lakini nilimwonya kwa lugha ambayo mtu mzima yeyote wa Tabora anajua haina uzito. Kati ya watani, "utakufa" maana yake ni habari za asubuhi. Kama ningemfuata nyumbani kwake, nikaketi, nikamwambia dada yangu, makasha haya yana risasi na risasi inaharibu watoto, angeniuliza swali moja tu: na wewe unafanya nini nayo upande wa pili wa ukuta wangu? Swali hilo ndilo nililolikwepa. Nilisema kweli mahali ambapo kweli haiaminiki, kisha nikarudi kwenye karai langu nikiwa nimetimiza wajibu.

Kwenye makasha aliotesha mchicha. Mawili aliyafanya vyombo vya maji vya kuku. Moja mtoto alilichukua likawa jiko lake la kuchezea, akipikia udongo na maji, akionja kila mara kama bibi anavyoonja mchuzi. Nililiona lile jiko. Nilikaribishwa wali wake wa udongo, nikajifanya ninakula, nikasifu chumvi.

Kuugua kwake hakukuja kwa kishindo. Mtoto alianza kulalamika tumbo. Akawa hapendi kula, kisha akawa mweupe viganjani. Bibi yake alimpa dawa ya minyoo, akampa majani ya mwarobaini, akampeleka kwa mtu wa dua. Kisha kuhesabu kukaanza kupotea. Ninakumbuka nilikwenda kununua mafungu mawili, mtoto akasema "moja," akayatazama yale mafungu kwa muda mrefu, akasema tena "moja," akaanza kulia kwa hasira. Bibi akasema anadeka. Mimi nikanunua mchicha wangu. Niliutupa njiani kabla sijafika Ipuli, wala sikumwambia mtu kwa nini.

Hali ilipozidi niliwasindikiza hospitali, kwa sababu mume wangu alikuwa nyumbani na pikipiki yake ilikuwa haina kazi, na kwa sababu nilitaka kuonekana nimesaidia. Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Alimbonyeza mtoto tumbo, akamfunua macho, akauliza maswali.

"Anakula udongo?"

"Mtoto gani asiyekula udongo," mtani wangu alijibu.

"Udongo wa wapi?"

"Wa uani, mwanangu. Wa wapi tena?"

Daktari akaandika dawa za minyoo na za kuongeza damu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi lilelile, mtoto ameegemeza kichwa kwenye mkono wangu. Katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyejua kilichomo katika udongo ule. Nilichosema ni kumkumbusha daktari aandike vizuri, maana watu wa duka la dawa hawawezi kusoma mwandiko wa madaktari. Alicheka akarudia kwa herufi kubwa.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba kazi ya kuvunja betri sitaki tena. Alidhani nimechoka na moshi. Sikumsahihisha. Nilikuwa na haraka ya kutoka nikiwa safi, na kwenye haraka ile nikafanya jambo ambalo hadi leo linanitoa jasho kuliko yote. Sikuuvunja mtambo wangu, niliuuza. Dalali alimpata mkulima mmoja wa tumbaku wa Goweko, mwenye bani, banda la kukaushia majani, lisilo na kazi msimu wa tumbaku ukiisha, akitafuta cha kufanya kiangazi. Alichukua karai, mashoka, vikopo vya kumiminia, hata zile glovu zilizotoboka. Alipokuwa akipakia aliniuliza kama kuna siri yoyote ya kazi. Nikamwambia awanunulie wafanyakazi maziwa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Babu zangu waliujua uzito wa mzigo kwa shingo zao, lakini mimi mjukuu wao niliutua wangu kwenye shingo ya mtu wa Goweko na nikahisi wepesi. Ninawalaumu watu wa ule mji wa Burundi kwa lipi? Walikuwa na uchafu na watoto, wakatafuta jirani asiyeuliza. Nami nikatafuta wangu. Kila mtu ana jirani wa kumtupia.

Wepesi ule haukudumu. Shimo tulilifukia, ua tukaurudisha kwa mwenyewe, lakini kuhama kwangu hakukumponya mtoto. Makasha yalikuwa bado kwa bibi yake. Kuku walikuwa bado wanakunywa humo. Kila nilipopita aliniita mpagazi mtoro, akaniuliza nimeiba nini cha kunikimbiza Ng'ambo, na mimi nikamjibu kama ilivyo desturi. Alasiri moja nilimkuta amempakata mtoto, anamfundisha upya majina ya vitu: kisu, ungo, kuku. Mtoto alisema "kuku" na bibi akashukuru Mungu kana kwamba amesoma Kurani nzima. Nilivua viatu mlangoni kwake, kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya.

"Shikamoo," nikasema.

Akaangua kicheko. "Leo unataka kukopa nini, we mpagazi?"

"Nimekuja bila utani."

"Mpagazi bila utani ni mzigo mtupu. Kaa."

Sikukaa. Nilisema tena kwamba sina utani, naye akacheka zaidi, akamwambia mtoto, "Muone huyu, amefiwa na akili." Nilikuwa nimeiua mwenyewe njia ya kumwambia kweli, na sasa niliitafuta pale mlangoni kama mtu anayetafuta ufunguo aliouzika. Mwishowe nikaenda kwa kuku, nikalinyanyua kasha, nikamwaga maji, nikaja nalo hadi mkekani.

"Hiki ndicho kilichomuumiza mtoto," nilisema. "Hiki na udongo wa chini ya ukuta. Kina risasi. Ndiyo inayomla akili na damu."

Aliacha kucheka. Alilitazama kasha, akanitazama mimi, akamsogeza mtoto upande wa pili wa mapaja yake, mbali na mimi.

"Umelijua hili lini?"

"Kabla hujayachukua."

"Uliniambia," alisema. "Siku ile. Uliniambia yana sumu."

"Nilikuambia kwa utani."

"Ulijua nitacheka."

"Nilijua."

Sijui nilitegemea nini. Labda anipige. Badala yake aliuliza, polepole, "Na vyombo vyako viko wapi? Lile karai?"

"Nimeviuza. Kwa mtu wa Goweko."

"Goweko hakuna watoto?"

Nililiweka kasha chini.

"Nenda ukawaambie," alisema. "Uwaambie kama ulivyoniambia leo, siyo kama ulivyoniambia siku ile. Ukishawaambia, njoo unieleze wamesema nini."

Kesho yake nilikwenda nao kwa daktari, na safari hii nilisema yote, hata ambayo sikuulizwa. Hakunikaripia. Alichukua damu ipelekwe kupimwa, akatueleza kwamba mtoto aondolewe pale haraka, ale vizuri, na kwamba kilichopotea huenda kitarudi na huenda kisirudi chote. Mtani wangu alimhamishia mtoto kwa ndugu zake upande mwingine wa mji. Mchicha aliung'oa wote mwenyewe, akauchoma, na wateja wake wa miaka mingi wakawa wanamuuliza kwa nini, naye hakunitaja. Kama angenitaja ingenipunguzia mzigo.

Kisha nikapanda treni hadi Goweko.

Yule mkulima alinipokea vizuri. Mkewe alinitandikia mkeka, akanipa karanga mbichi za kuchemsha. Nililiona karai langu limeegemezwa kwenye ukuta wa bani, limeoshwa likang'aa kuliko nilivyowahi kuliosha mimi. Nilimweleza kila kitu: shimo, moshi, makasha, mtoto anayesahau namba. Nilisema wazi kwamba mimi ndiye niliyefanya hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kama watu wa heshima wanavyosikiliza.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Dalali alinieleza kwamba utakuja."

"Alikueleza nini?"

"Kwamba ukituona na sisi tunakaribia kupata, utataka kurudi kwenye kazi yako. Mimi sikulaumu. Biashara ni biashara."

Nikamwambia sitaki kurudi, arudishe vyombo nimrudishie alichotoa na zaidi. Hilo likawa ushahidi kwake kwamba kazi ile ina mali kuliko alivyofikiri. Akatabasamu.

"Mama, ulipokuwa unavunja wewe haikuwa sumu?"

"Ilikuwa sumu."

"Na nyumba ya Ipuli ukajenga?"

"Nikajenga."

"Basi na sisi tujenge kwanza, halafu tutakuja kuwaambia wengine ni sumu." Hakusema kwa ubaya. Akanionyesha mikono yake, rangi ya kahawia imeingia hadi kwenye mistari ya viganja. "Tumbaku nayo inatutapisha. Majani mabichi yakiwa na umande, mke wangu anatapika siku nzima. Wanaoinunua wamekatazana kuivuta kwao majengoni, ila hawajaacha kuinunua hapa. Wewe wa mjini ndiyo unaniletea habari ya sumu?"

Mkewe alikuwa akitusikiliza akipepeta karanga. Nilimgeukia yeye, nikamwambia dada, angalau watoto wasisogee, angalau makasha usiyatumie. Aliniitikia "ndiyo mama" kwa adabu. Nilijua ile sauti. Ni sauti ninayomjibia mteja anayenifundisha kuchagua mchele.

"Mzigo wa kwanza unaingia Ijumaa," mkulima alisema, akinisindikiza njiani. "Kama una wasiwasi na safari ya betri, si umuulize mzee?"

"Mzee yupi?"

"Baba watoto wako. Si ndiye anayezileta?" Alipoona uso wangu aliinamisha macho. "Nilidhani unajua."

Nilirudi Tabora nikiwa nimefumbata karanga za mkewe hadi zikalowa jasho. Mume wangu alikuwa nje, anamwagia maji magurudumu ya lori. Nilimuuliza, hakukataa. Ni mkweli, ndiyo sifa yake.

"Wewe umeacha kuvunja," alisema. "Mimi ni wa kubeba tu. Nisipobeba mimi atabeba mwingine, na mchele nitaupelekaje ikiwa narudi na upepo? Nitafutie wewe cha kurudi nacho, nitaacha leo."

Nimekitafuta. Nimeulizia maharage, nimeulizia mawese tena, nimepiga simu hadi Kasulu kwa watu nisiowajua. Kila chenye faida kina mwenyewe. Kinachobaki bila mwenyewe ni kile ambacho hakuna anayetaka kukaa nacho, na hicho ndicho kinachojaza lori letu. Nimemnunia mume wangu, nimemlilia, nimehama chumba. Lakini jioni akileta pesa ya matumizi ninaipokea, ninapika, na mimi mwenyewe ninakula.

Nilichelewa kwenda Ng'ambo. Nilijiambia nasubiri nipate la maana la kusema. Nilipokwenda, mtani wangu alikuwa peke yake barazani, matuta yake yamebaki udongo mtupu. Nilivua viatu, nikamwambia yote kama alivyotaka: kwamba nimewaambia wazi, kwamba hawakuniamini, na kwamba betri za Goweko zinabebwa na gari letu, hadi leo, na chakula nilichokula mchana kimetoka humo.

Kisha nikasubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi lolote, la kichwa changu bapa, la babu zangu, la marehemu mama yangu. Nilililia ndani kwa ndani tusi hilo, kwa sababu lingekuwa bado ni letu.

Aliinuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na kiti kilichokuwa kimefutwa vumbi, akakiweka mbele yangu.

"Karibu ukae, mama," alisema. "Utakunywa chai?"